Kiu ya Mabonga

Thamosi ilikuwa imejaa. Lorraine aliijaza mwenyewe jikoni, akakaza kifuniko, akaibeba hadi sebuleni na kuiweka katikati ya meza. Alirudi kuchukua vikombe tu. Alipoiinua ammiminie mgeni chai, ilikuwa nyepesi kama kiota kilichohamwa. Akaifungua. Hakukuwa na tone. Ndani mlikuwa mkavu, mna joto kama la bati lililoshinda juani, na chini kabisa palikuwa na mchanga, mchanga mnene wa rangi ya kutu ambao huuoni popote Eldoret.

"Nani amemaliza chai?" akauliza, akijaribu kucheka.

Mumewe Nyongesa na mgeni wao Sylvia wakainua vichwa kutoka kwenye simu waliyokuwa wameinamia. Binti yao mdogo, Lynette, alikuwa sakafuni akipanga vifuniko vya soda. Hakuna aliyekuwa amegusa thamosi.

"Labda hukujaza," Nyongesa akasema.

"Nimejaza, Baba Lynette. Hata imenichoma kidole."

"Basi tengeneza ingine. Usimkalishe mgeni na njaa juu ya thamosi."

Alisema hivyo haraka, akarudi kwenye simu. Lakini Lorraine alimwona. Alikuwa ameuona ule mchanga, na baada ya kuuona akapitisha ulimi kwenye midomo yake, mara moja, kama mtu aliyekumbuka kitu asichotaka kukikumbuka.

Sylvia alikuwa ametoka mji mdogo wa Ziwa, ambako alifanya kazi ya ukarani katika chama cha wafugaji wa maziwa. Kaka yake, Mabonga, alikuwa rafiki wa chanda na pete wa Nyongesa. Nyongesa aliuza vipuri vya pikipiki mjini, Mabonga alipiga picha za harusi, na wote wawili walipenda kwenda mahali ambapo watu wengine hawaendi. Miaka kadhaa iliyopita walipanda pikipiki wakaelekea kaskazini, wakitafuta mawe ya Nasuroi. Ni mawe marefu, meusi, yaliyosimamishwa na watu wa kale juu ya makaburi yao, ng'ambo ya mto mkavu, mbali na barabara yoyote. Hakuna kampuni ya watalii inayopeleka mtu huko. Ukitaka kwenda, unajipanga mwenyewe.

Waliondoka wawili, akarudi mmoja.

Nyongesa alieleza kwamba pikipiki ya Mabonga iliharibika kwenye uwanda wa mchanga, mbali kabla hawajayafikia mawe. Mabonga akatoka alfajiri kutafuta watu, akapotea. Polisi walikwenda, na wenyeji wakaenda na ngamia wao. Waliuchana ule uwanda mpaka wakakata tamaa. Nyumbani kwao, upande wa Bungoma, wazee walikata shina la mgomba, wakalifunga blanketi, wakalizika kwa jina la Mabonga kama desturi inavyotaka mtu asipopatikana.

Mama yake hakulia kwenye kaburi lile hata siku moja. "Siwezi kulilia ndizi," alisema. Mwaka huu, mvua zilipokaribia, mama huyo akafariki, na maneno yake ya mwisho kwa Sylvia yalikuwa kwamba amlete mtoto wake nyumbani.

Ndiyo maana Sylvia alikuja Eldoret. "Nataka kwenda kumtafuta, bro," alimwambia Nyongesa. "Wewe peke yako ndio unajua njia. Nisaidie tu kupanga, sitakuomba tuende pamoja."

Nyongesa angekataaje, mkewe akiwa ameketi pale pale?

Basi wakapanga. Gari lingekuwa Landkruza kuukuu la Ondiek, mpwa wa jirani yao Mama Perez. Wangepita Kitale na Kapenguria, washuke kwenye joto. Kwenye kijiji cha mwisho wamjulishe chifu na wachukue mtu wa kuwaonyesha njia. Nyongesa alieleza vizuri, kwa utaratibu. Petroli ya ziada, magurudumu ya ziada, kitambaa cha kufunika uso upepo ukianza.

"Na maji?" Sylvia akauliza. "Kila mtu abebe kiasi gani?"

"Beba mingi kuliko unavyofikiria."

"Nyinyi mlibeba kiasi gani?"

Nyongesa akakohoa. "Haikutosha."

Ilipofika kuweka alama mahali Mabonga alipopotelea, alivuta ramani kwenye simu ya Sylvia kwa vidole viwili, akagusa katikati ya uwanda mtupu. Alama nyekundu ikatokea. "Hapa ndipo nilimwona mara ya mwisho," akasema. "Mawe yenyewe hatukuyafikia kabisa."

Wakati huo huo, jikoni, kitu kikameza.

Lorraine alisikia vizuri. Ilikuwa sauti ya koo la mtu mzima, gulp, gulp, bila kupumzika. Akakimbia. Hakukuwa na mtu. Sufuria ya maji aliyokuwa ameibandika kwa ajili ya chai ya pili ilikuwa kavu juu ya moto, na chuma chake kimeanza kubadilika rangi.

*

Ilikuwa Aprili, na Eldoret mwezi huo haiishiwi na maji. Asubuhi hutoka na jua la kudanganya, alasiri mbingu zinafunguka, mifereji inafurika, na watu wa mtaa wa Langas wanatembea na gumbuti. Nyuma ya nyumba ya Lorraine kulikuwa na pipa la buluu lililopokea maji ya paa. Kila alasiri lilijaa hadi likamwagika. Kila asubuhi alilikuta tupu.

Kwanza alidhani limetoboka. Akaligeuza, akalipiga, akalikagua. Lilikuwa zima. Akadhani jirani anaiba. Akaamua kungoja aone.

Alasiri moja, mvua ilipokuwa ndiyo imekatika na matone yakingali yananing'inia kwenye kamba ya nguo, alisimama kwenye mlango wa jikoni akiosha masufuria na jicho lake likiwa kwenye pipa. Lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Kuku wa jirani waliokuwa wakichakura karibu wakanyamaza, wakasogea pamoja, wakaondoka. Kisha akaisikia ile harufu kabla ya kuona chochote, harufu ya mawe yaliyochomwa na jua na ya ngozi ya mbuzi iliyokauka, harufu ya mahali pasipojua mvua, ikimjia katikati ya tope na majani mabichi ya Eldoret. Na alipokodoa macho aliona maji ya pipa yakitulia kabisa, halafu yakishuka, si kama maji yanayovuja bali kama maji yanayonywewa, yakishuka kwa mikupuo, yakipumzika, yakishuka tena, na upande mmoja wa ukingo, pale ambapo mtu aliyeinama angeweka midomo yake, plastiki ilikuwa imebonyea kidogo kwa uzito wa mikono miwili asiyoiona.

Sufuria ikamponyoka. Kule kumeza kukakoma. Lorraine akajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba kilichokuwa pale kimeinua kichwa na kinamtazama.

"Yesu," akanong'ona.

Kikarudi kunywa.

Usiku huo hakumwambia mumewe, kwa sababu mumewe alikuwa na lake. Nyongesa alikuwa ameanza kukauka. Midomo yake ilipasuka ikatoa damu. Alishika kikombe, akakiinua, na kabla hakijamfikia mdomoni kilikuwa kitupu. Uji ulibaki unga kwenye bakuli. Chungwa alilomenya lilikauka mkononi mwake likawa nyuzi. Alichopata ni unyevunyevu tu, kiasi cha kumweka hai, kama vile anayempimia hakutaka afe upesi.

"Twende hospitali," Lorraine akamsihi.

"Ni malaria."

"Malaria gani inakunywa uji wa mtu, Baba Lynette? Kitu kiko kwa hii nyumba. Kimekuja siku Sylvia alikuja. Niambie ni nini."

"Sijui."

"Unajua," Lorraine akasema polepole. "Ule mchanga uliuona na ukaujua."

Nyongesa akageukia ukuta.

*

Sylvia alirudi Jumamosi na mvua, matope ya Ziwa yakiwa bado kwenye gumbuti zake. Kila kitu kilikuwa tayari. Ondiek alikuwa amebadilisha mafuta ya gari, mitungi ya maji ilikuwa imeoshwa, ruhusa ya kazini ameshapewa. Lilibaki jambo moja.

"Bro, ulibadilisha ile alama?" Aliketi, akaiweka simu mezani. Alimwona Nyongesa alivyokonda akashtuka, lakini alikuwa na haraka na swali lake. "Kila asubuhi nikiamka nakuta imehama. Haiko tena kwa uwanda. Iko kule kwa mawe."

"Simu yako ni mbovu," Nyongesa akasema. Sauti yake ilikwaruza kama jivu. "Leta."

Akairudisha alama kwenye uwanda. Wote watatu walikuwa wakitazama. Alama nyekundu ikakaa kidogo, kisha ikaanza kutambaa. Ilitambaa kama siafu, chini ya kidole chake, ikavuka mto mkavu, ikapanda mwinuko, ikasimama kwenye mawe. Akairudisha. Ikapanda tena. Akaibonyeza kwa dole gumba hadi kucha likawa jeupe, na alama ikapenya chini ya dole ikaenda zake.

Nje mvua ilikuwa ikinyesha kwa nguvu, lakini mfereji wa paa ulikuwa umenyamaza. Hakuna tone lililofika chini. Mlio wa maji kwenye bomba la nyumba ukawa mkoromo, ule mkoromo ukawa pumzi, na pumzi ikaingia ndani, ikapita jikoni ambako vikombe vilivyotundikwa viligongana kimoja baada ya kingine, ikaja na joto lake na harufu yake ya ngozi mpaka mezani, ambako kiti cha nne, kiti ambacho hakuna mtu alikuwa amekivuta, kilirudi nyuma taratibu na kulalamika chini ya uzito wa mtu anayeketi akiwa na mguu mmoja usiokunjika.

Lorraine alimkumbatia Lynette, akamficha uso kifuani.

Nyongesa alikuwa akikitazama kiti. "Usiniangalie hivyo," akasema.

Kiti kikalalamika tena.

"Usiniangalie hivyo, boss. Nilikuwa narudi." Akasimama, meza ikatikisika. "Nilikuwa narudi! Mguu wako ulikuwa umevunjika, ningekubeba vipi? Pikipiki moja haina petroli, ingine imekufa, ningefanya nini? Ningekuachia nusu ya maji tungekufa sisi wote!"

Sylvia hakupiga kelele. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti. "Mlifika kwenye mawe," akasema.

Nyongesa akaanza kulia, bila machozi, kwa sababu hakuwa na maji ya kutengeneza machozi. "Tulifika. Alipanda juu ya jiwe moja apige picha. Akaanguka."

"Na ulipoondoka, alikuwa macho?"

Nyongesa akajifuta macho makavu.

"Nakuuliza, Nyongesa. Alikuwa macho?"

"Alikuwa amelala."

"Chupa zote za maji ukabeba."

"Ndiyo."

"Halafu ukawaambia polisi watafute kwa uwanda." Sauti ya Sylvia ilikuwa ndogo sasa, karibu ya kunong'ona. "Siku ulifika kwa barabara, kaka yangu alikuwa bado hai. Wangeenda kwa mawe wangemkuta."

"Angesema," Nyongesa akalia. "Angewaambia nilimwacha. Niliogopa, Sylvia. Baadaye nikataka kusema ukweli, lakini siku zilikuwa zimepita, hapangekuwa tena na maana..."

Kwenye kiti cha nne kitu kikacheka kwa koo kavu. Kisha kikombe kilichokuwa mbele ya Sylvia, kilichojaa chai hadi juu, kikakauka huku wakitazama.

*

Mama Perez alisikia vilio kupitia ukutani. Alikuwa mwanamke mnene, muuza omena sokoni, na siku za Sabato alivaa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu na kuwaombea watu katika kanisa lao la Roho. Wengi pale mtaani walimcheka mchana na kumgongea mlango giza likiingia. Alipopita kizingiti cha nyumba ile alisimama, akavua viatu.

"Nyathina, mwanangu," akamwambia Lorraine, "mtoe mtoto. Mpeleke kwangu. Halafu ufunge mlango."

Aliwasha mshumaa. Akaimba kwa Kijaluo, akipiga ngoma ndogo, akamzunguka Nyongesa aliyekuwa ameanguka sakafuni. Alichota maji ya baraka kwenye bakuli, akayanyunyiza. Matone yaliruka yakang'aa kwa mwanga wa mshumaa. Hayakufika sakafuni. Akayanyunyiza tena, na tena hayakufika. Bakuli likakauka mkononi mwake.

"Wewe ni nani?" Mama Perez akauliza. "Kwa jina la Nyasaye, Mungu wetu, sema."

Jibu lilitoka kwenye vyombo vyote vitupu vya nyumba ile kwa wakati mmoja. Kwenye masufuria, kwenye vikombe, kwenye ndoo ya bafuni, kwenye pipa nje. Lilikuwa neno moja.

"Kiu."

Sylvia akashika mdomo. Aliijua sauti ile. Ndiyo iliyokuwa ikimwita kutoka shambani alipokuwa msichana.

Mama Perez aliomba mpaka jasho likamlowesha, na jasho nalo likakauka usoni. Mwishowe akaketi chini, amechoka. "Mimi simuwezi huyu," akasema. "Jini la kutumwa ningelifukuza. Hili halikutumwa. Kule kwa yale mawe kuna jini la mahali penyewe, la zamani, halina mdomo wala mkono. Mtu huyu alikufa mbele yake akiomba maji. Likamuonea huruma, ama likampenda, sijui. Likamwingia. Sasa jini limepata koo, na mtu amepata nguvu. Kiu yao ilikuwa imelala huko. Mlipoanza kutaja njia, mkaiamsha, na uongo juu ya ile njia ndio ukaileta hapa."

"Itaondoka vipi?" Lorraine akauliza.

"Yeye hasikii mgeni. Anasikia damu yake." Mama Perez akamgeukia Sylvia. "Wewe. Uende pale mahali. Utafute mifupa. Uimwagie maji kwa mkono wako, umwambie, kaka, kunywa, haya ni yako, mwachie mwenzako aishi. Akishakunywa maji uliyompa wewe, jini halina kitu cha kushika. Litatoka. Lakini mwende haraka. Huyu bwana amebaki kidogo sana."

Nje giza lilikuwa limeanza kushuka. Lorraine alipiga magoti mbele ya Sylvia, akashika pindo la sketi yake.

"Najua alichofanya," akasema. "Mimi mwenyewe sitamsamehe. Lakini Lynette hajamkosea mtu. Tafadhali, shem. Usifanye kwa ajili yake, fanya kwa ajili ya mtoto."

Sylvia akainama. Akamwinua, akampangusa machozi kwa kiganja.

"Nitammwagia maji," akasema. "Nimekuahidi."

*

Waliondoka alfajiri, Sylvia na Ondiek, mitungi ikigongana nyuma ya Landkruza. Siku hiyo hiyo Lorraine alimpeleka mumewe hospitalini. Madaktari walimtundikia maji mkononi. Nesi aligeuka kuandika, na alipotazama tena mfuko ulikuwa umesinyaa. Akatundika mwingine. Lorraine hakueleza kitu. Alikaa kando ya kitanda, akamshika Nyongesa mkono uliokuwa mwepesi kama ukuti, akangoja.

Kaskazini njia ilikuwa kama Nyongesa alivyoeleza. Katika hilo hakudanganya. Walilala kijiji cha mwisho. Mzee waliyempata wa kuwaonyesha njia alikwenda nao mpaka mto mkavu, akakataa kuuvuka. "Pale pana mtu," akasema, akaketi chini ya mti wa miiba.

Jua lilikuwa bado changa walipoyafikia mawe. Yalisimama juu ya mwinuko kama watu walioitwa mkutanoni na kuachwa. Ondiek alibaki nyuma hatua chache, kofia mkononi. Sylvia alitembea peke yake kati ya mawe, mtungi wa maji ukimning'inia mkononi, na hakuhitaji kutafuta. Chini ya jiwe lililoinama, upande wa kivuli, kulikuwa na jaketi la rangi ya kahawia alilomnunulia mwenyewe. Ndani ya jaketi kulikuwa na kaka yake. Mfupa wa mguu mmoja ulikuwa umekatika mahali pamoja. Mkono mmoja ulikuwa umenyooshwa, kiganja juu, kuelekea njia ya kurudia.

Sylvia akapiga magoti. Hakulia. Akafungua mtungi.

Upepo ukatulia. Joto likamkaribia, harufu ya ngozi kavu ikamzunguka, na karibu na sikio lake kabisa, kwa uchovu mwingi, kama mtu aliyefanya kazi ngumu asiyoiomba, Mabonga akasema:

"Inatosha, Sylvia. Nipe yangu. Tumwache."

Aliuinua mtungi. Maji yakafika ukingoni. Akauona mkono ule ulionyooshwa. Akamwona mama yao kwenye kitanda cha mwisho, uso ukiwa umegeukia mlango.

Akaushusha mtungi, akaufunga.

"Bado," akasema.

Akaketi kwenye kivuli, mgongo kwenye jiwe, miguu ameinyoosha kando ya ile mifupa kama walivyokuwa wakikaa utotoni baada ya kupalilia. Jua likapanda. Ondiek akaja, akasimama mbali kidogo.

"Dada, si shangazi alisema ni haraka? Kila kitu kiko sawa?"

"Kiko sawa."

"Nikusaidie kumwaga?"

"Rudi kwa gari, Ondiek. Nitakuita."

Ondiek akarudi kwa gari. Aliwasha redio, haikushika kitu, akaizima.

Mchana kabisa sauti ilikuja tena. "Ana mtoto," ikasema. "Sylvia, ana msichana mdogo."

"Na wewe ulikuwa na mama," Sylvia akajibu.

Ikanyamaza. Lakini haikuondoka. Aliisikia ikivuta pumzi, ikingoja, na kila baada ya muda, kutoka mbali sana, kama kutoka upande wa pili wa dunia, alisikia ile nyingine, ile isiyo na jina, ikimeza. Ilimeza polepole. Ilimeza na kupumzika. Kivuli cha jiwe kilizunguka kikamwacha juani, naye hakusogea. Midomo yake ilikauka na mtungi uliojaa ulikuwa pajani mwake, na hakunywa, kwa sababu alitaka kujua ilikuwaje, alitaka kuijua yote, alasiri ile ndefu ambayo kaka yake aliijua peke yake akitazama njia. Na jua lilipoanza kuinamia magharibi alisikia kumeza kumoja kukubwa, kwa mwisho, kama sauti ya mtu anayefyonza tone la chini kabisa la kikombe, na baada ya hapo hakuna kitu.

Alingoja kidogo ahakikishe. Kisha akafungua mtungi, akaumwaga wote, kichwani, kifuani, kwenye kile kiganja kilicho wazi. "Kunywa, kaka," akasema. "Twende nyumbani kwa mama."

Mchanga ukayanywa maji upesi, kama mchanga wowote.

Hawakugusa mifupa. Wangeripoti kwanza kwa polisi, ichukuliwe kwa sheria. Walimrudisha mzee kijijini, wakaendesha mpaka kilima ambapo simu hushika mtandao. Magharibi palikuwa pamewaka rangi ya kutu. Simu ya Sylvia ikaanza kutetema mara moja. Alikuwa Lorraine.

Alikuwa akilia kiasi kwamba maneno yalichelewa kutoka. Nyongesa alikuwa amekufa. Alasiri. Mvua ya mawe ilikuwa ikipiga paa la wodi, na yeye alikuwa akimwekea pamba yenye maji midomoni, na pamba ilikuwa ikikauka, na alikuwa akimwambia avumilie, Sylvia yuko njiani, Sylvia karibu atafika.

"Nilikuwa nakupigia tangu asubuhi," Lorraine akasema. "Nikasema labda mmeshafika. Shem, mlifika saa ngapi?"

Ondiek, mikono kwenye usukani, aligeuza kichwa akamtazama.

"Njia ilikuwa mbaya sana, shem," Sylvia akasema. "Pole. Tumefika sasa hivi."